Wauzaji wa nyumba walio tayari kuuza: wanapatikana wapi, na utawajuaje?

Swali: Msomaji wetu wa Kisumu anaandika: "Nina akiba ya shilingi laki sita na nataka kuanza kuwekeza kwenye nyumba. Nimetazama video nyingi za Wamarekani wanaosema siri ni kumpata muuzaji mwenye sababu ya kuuza haraka, halafu unanunua chini ya bei ya soko. Nimeingia kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp, lakini kila ninayempata ni broka, au ni mwenye nyumba anayetaka bei kuliko hata ya jirani yake. Huku Kisumu, Nakuru na magharibi kwa jumla, wauzaji hao nitawapata vipi?"

Jibu: Wamarekani hao hawakukudanganya, ila kazi yao imesimama juu ya kitu ambacho hapa hakipo. Katika kaunti nyingi za Marekani rekodi za wenye nyumba ziko wazi kwa umma, pamoja na anwani ya posta ya kila mmoja. Mwekezaji hupata orodha ya wenye nyumba wanaoishi mbali, au waliochelewa kulipa kodi ya nyumba, akawatumia barua mia kadhaa na kungoja simu. Kwetu, upekuzi rasmi wa ofisi ya ardhi, yaani ile sachi, hukupa jina la mwenye kiwanja, ukubwa wake, na kama kuna rehani au zuio juu yake. Haukupi simu yake wala mahali anapoishi, na huwezi kuufanya bila namba ya kiwanja. Kuokota namba za simu za watu na kuwamiminia jumbe za biashara nako kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hapa muuzaji anapatikana kwa miguu na kwa midomo ya watu wanaomjua.

Kabla ya kuanza kutembea, rekebisha kwanza unachokitafuta. Wanaoanza hutafuta mtu mwenye haraka. Watu wenye haraka ni wengi mno: kijana anayeuza nyumba ya babake aliyefariki ana haraka, mume anayeuza bila mkewe kujua ana haraka, na tapeli mwenye hati bandia ndiye mwenye haraka kuwashinda wote. Unachotafuta ni mambo mawili kwa mtu mmoja: shida ambayo kuuza nyumba kutaimaliza, na mamlaka ya kisheria ya kuuza. Likikosekana la kwanza hutapata bei nzuri. Likikosekana la pili hutapata nyumba. Na punguzo la bei halitokani na kumbana mnyonge. Linatokana na kazi unayomwondolea, kama deni unalomlipia benki, makaratasi unayoyasubiri, ukarabati alioshindwa nao, au ndugu watano unaowaketisha meza moja.

Nyumba za mirathi

Nianze na mirathi, kwa sababu huku kwetu hapo ndipo punguzo la kweli lilipo, na hapo ndipo wengi wanazama.

Mtu akifariki, familia huomba mahakamani usimamizi wa mali yake. Ombi hilo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa na kusomwa bure mtandaoni, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baadaye mahakama hutoa hati ya usimamizi. Hati hiyo bado si ruhusa ya kuuza nyumba. Kwa kawaida hungojwa miezi sita ndipo iombwe kuthibitishwa, na Sheria ya Mirathi, kifungu cha 82, inamkataza msimamizi kuuza ardhi au nyumba kabla ya uthibitisho huo. Kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka kuwa kosa la jinai. Mnunuzi anayemlipa kifungua mimba kwa ahadi kwamba "mirathi tutamalizia mbele ya safari" hajanunua nyumba. Amenunua kesi, na huenda akaingia nayo mwenyewe kama mshtakiwa.

Ukisoma matangazo ya mahakama za Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma au Busia, andika jina la marehemu, alikoishi, na jina la anayeomba usimamizi. Usimpigie mtu simu wiki hiyo. Familia iko kwenye matanga au ndiyo imetoka kuzika, na mgeni anayetaja nyumba wakati huo hufungiwa mlango asifunguliwe tena. Ikiwa kuna wakili, anza naye. Mwambie ungependa kujulishwa iwapo warithi wataamua kuuza baada ya uthibitisho, basi.

Saa yako inafika hati ikishathibitishwa na orodha ya mgao inasema nyumba ya Migosi au ya Section 58 ni ya watoto watano kwa mafungu sawa. Nyumba haikatiki vipande vitano, na mara nyingi hakuna kati yao mwenye pesa za kuwalipa wenzake wanne. Kinachowazuia kuuza ni hofu kwamba mmoja atapokea pesa zote kisha azime simu. Ofa inayosikika hapo ni ile iliyoandikwa hivi: bei moja inayosomwa mbele ya wote, wote wanaweka sahihi, na kila mrithi analipwa fungu lake moja kwa moja kutoka akaunti ya wakili. Warithi wengi hukubali bei ya chini kidogo kwa utaratibu huo kuliko bei ya juu inayopitia mfukoni mwa mmoja wao. Hiyo ni kazi uliyoifanya, na bei nafuu ni malipo yake halali.

Tahadhari mbili za huku kwetu. Vihiga, Kakamega na sehemu nyingi za mashambani, hati miliki ya ardhi mara nyingi bado iko kwa jina la babu. Hapo kuna mirathi mbili zilizopandana, ya babu na ya baba, na anayeanza hana pumzi ya kuzisubiri zote. Ya pili: nyumba iliyo ndani ya boma lenye makaburi ya familia, hasa Nyanza, iache hata kama anayeiuza ana kila karatasi. Utapewa hati, lakini hutapewa amani ya kukaa wala mnunuzi wa kumuuzia. Fanya kazi yako kwenye nyumba za mjini na viunga vyake.

Nyumba zilizo na rehani

Watu wengi hungoja tangazo la mnada gazetini. Wakati huo umechelewa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji akishindwa kulipa, benki humpa notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 kwamba itauza. Dalali wa mnada naye hutoa siku 45 za kukomboa mali, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Jumlisha: mwenye nyumba amekuwa akijua kwa karibu miezi sita. Katika miezi hiyo angeweza kuuza mwenyewe, akalipa benki na kubaki na chenji. Ukitokea siku ya tangazo, zimebaki wiki mbili, na ndani ya wiki mbili huwezi kupata mkopo wala kukamilisha uuzaji.

Huyu utamjua mapema kupitia mhasibu, wakili, afisa wa sacco, au fundi ambaye mjengo wake ulisimama ghafla. Mpango ukikubalika, benki lazima ihusishwe tangu mwanzo. Wakili wako anaiandikia kuuliza deni lote hadi tarehe fulani, benki inakubali kwa maandishi kupokea kiasi hicho na kuachilia hati, na pesa zinatoka kwa wakili kwenda benki. Kamwe usimpe mkopaji pesa taslimu "akalipe benki." Akizipeleka kwingine, rehani inabaki na wewe huna kitu.

Mnada wenyewe si pa kuanzia mtu mwenye laki sita. Masharti ya kawaida hutaka asilimia 25 ya bei hapo hapo na salio ndani ya siku 90, nyumba unainunua ilivyo, na kumtoa anayeishi ndani ni juu yako.

Wengine, kwa ufupi

Mtumishi wa umma aliyehamishwa kaunti nyingine na nyumba imebaki na mpangaji asiyelipa. Mzee aliyestaafu anayetaka kurudi kijijini na amechoka kufukuzana na wapangaji wa vyumba kumi. Mkenya wa ng'ambo aliyejengewa na ndugu, kisha akagundua pesa hazikufanya alichoambiwa. Wanandoa waliotengana ambao mahakama imeamua nyumba igawanywe. Mwenye karo ya Januari na deni la sacco pamoja. Hawa wote unawapata kwa njia moja, nayo ni kutembea.

Kutembea kwenyewe

Chagua mitaa miwili, usizidishe. Kisumu inaweza kuwa Migosi na Kanyakwar, au Mamboleo na Riat. Nakuru inaweza kuwa Kiamunyi na Naka, au Lanet na Free Area. Mitaa miwili inatosha kwa sababu kazi ya kwanza ni kujua bei, na bei haijulikani kwa kuangalia matangazo. Matangazo ni bei za kuombwa. Waulize mawakili wanaoshughulikia uuzaji, wathamini waliosajiliwa na majirani walionunua karibuni ni kiasi gani kililipwa kweli. Ukishakuwa na nyumba kumi na tano hivi ambazo unajua ziliuzwa ngapi, utaijua bei nzuri ukiisikia tu kwenye simu.

Tembea kila barabara ya mtaa huo, ukiwa na daftari. Tazama nyasi zilizopita kimo cha geti, mita ya stima iliyong'olewa, bango la "inauzwa" lililofifia mpaka namba ya simu haisomeki vizuri. Angalia mijengo iliyosimama kwenye linta, vyuma vimejitokeza juu vikiwa na kutu, na lundo la kokoto limeota majani. Ukikuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu "ploti hii haiuzwi," usidharau wala usifurahi: mara nyingi ni dalili ya mgogoro wa familia au ya mtu aliyejaribu kuiuza kwa wizi. Iandike, ulizia, lakini iweke mwisho wa orodha.

Kisha ongea na watu kwa mpangilio huu: jirani, keateka au mlinzi, mama mwenye kibanda kilicho karibu na geti, mzee wa mtaa, naibu wa chifu. Mama wa kibanda anajua mengi kuliko wote. Anajua nani alihama lini, nani hulipa na nani huja usiku kuchukua vitu. Jitambulishe kwa jina lako kamili, sema unatafuta nyumba ya kununua, na uache karatasi yenye maneno machache: "Naitwa fulani, ninaishi Kisumu. Ningependa kununua nyumba hii kama mwenyewe ana nia ya kuuza. Mimi si broka. Tafadhali mfikishieni namba yangu." Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kuachwa kwa jirani hufika ambako jumbe za WhatsApp hazifiki.

Kuhusu mabroka, usiwachukie, ila waelewe. Wengi huongeza chao juu ya bei ya mwenyewe na hawataki mkutane. Sharti lako liwe moja: bei unaizungumza mbele ya mwenye hati au wakili wake, na malipo ya broka yameandikwa wazi. Sheria nayo ina neno hapa. Chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, anayefanya kazi ya kuunganisha wauzaji na wanunuzi kwa malipo lazima awe amesajiliwa. Hilo linakuhusu wewe pia, na nitalirudia chini.

Daftari likijaa, kazi inakuwa ya kurudi. Mwenye nyumba anayesema milioni sita mwezi Agosti, na bango bado liko Januari, si mtu yule yule tena. Muulize siku ya kwanza kama unaweza kumpigia baada ya mwezi, kisha mpigie siku ile uliyosema. Wengi wanaotafuta nyumba hupiga mara moja wakanyamaza, kwa hiyo anayerudi kwa heshima hukumbukwa.

Simu ya kwanza

Usitaje bei. Anza hivi: "Habari yako mzee. Naitwa fulani, nimepewa namba yako na jirani yako wa Kiamunyi. Nimeambiwa huenda nyumba ile inauzwa. Ni kweli?" Akisema ndiyo, uliza kwa utaratibu. Hati imeandikwa jina la nani? Iko wapi sasa hivi, nyumbani, benki, au kwa mtu? Kuna anayeishi ndani, na analipa? Mama naye amekubali iuzwe? Kisha maswali mawili yenye uzito: "Pesa ikipatikana, mzee, mngependa iwasaidie kufanya nini, na inahitajika lini?" na "Isipouzwa miezi sita ijayo, nini kitatokea?"

Anayejibu "hakuna haraka, naangalia tu soko likoje" ni mtu mwema, mshukuru na umwandike wa mwaka ujao. Anayesema "benki wametupa hadi mwezi wa sita" au "watoto wote wamekubali, hati ya usimamizi ilithibitishwa Machi" ndiye unayemtafuta. Naye anayejibu kila swali upesi isipokuwa lile la hati iko wapi, chukua tahadhari. Hati nyingi huku ziko mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani kama dhamana isiyoandikishwa popote, na upekuzi hautakuonyesha hilo. Ndiyo maana unadai kuiona hati halisi kwa macho, si picha.

Nyumba yenye shida isiyotibika

Usimchanganye muuzaji mwenye shida na nyumba yenye shida. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi. Kwa hiyo kuelekea Nyamasaria na kwingineko huko chini, angalia pembe za madirisha na milango. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, mpana juu kuliko chini, unasema msingi unasogea, na rangi mpya juu yake inasema mwenyewe anajua. Nakuru, ziwa lilipopanda miaka ya karibuni nyumba za upande wa Mwariki zilizama, na mji huo pia una nyufa za ardhini. Karibu na Ziwa Victoria, Dunga na Nyalenda, uliza maji yalifika wapi mwaka 2020. Bei ya chini katika maeneo haya si punguzo, ni bei yenyewe.

Nakuru ina mtego wake mwingine. Mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na kampuni za wananchi baada ya uhuru, kisha yakagawanywa kwa hisa na kura. Mpaka leo utaletewa ploti yenye cheti cha hisa bila hati miliki. Inaweza kuwa halali, lakini kuifikisha kwenye hati ni kazi ya mzoefu mwenye subira na wakili wake. Usianzie hapo.

Hesabu kabla ya ofa

Chukua mfano wa kufundishia. Nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, ikiwa katika hali nzuri, inauzika milioni 6. Muuzaji anakubali milioni 4. Inaonekana una milioni mbili mfukoni. Sasa hesabu. Ukarabati laki 7, ongeza asilimia 15 ya mambo ambayo fundi hakuyaona, inakuwa 805,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 160,000 (mashambani ni asilimia 2). Mawakili wa kununua na kuuza, weka 150,000. Mthamini na savea, 40,000. Mlinzi, stima, maji na kodi ya ardhi ya kaunti kwa miezi minane, 120,000. Wakala wa kuuza kwa asilimia 3, 180,000. Jumla ni 1,455,000. Inabaki 545,000. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, kwa hiyo ondoa kama 82,000, na ikiwa kununua na kuuza ndiyo biashara yako, KRA inaweza kuihesabu faida hiyo kama mapato ya biashara na kiwango kikawa kikubwa zaidi. Umebaki na takriban 463,000, na bado hatujaweka riba ya mkopo wowote.

Ukinunua nyumba hiyo hiyo kwa milioni 4.6, umefanya kazi ya karibu mwaka ili upate hasara. Ndiyo maana bei yako ya juu kabisa unaiandika kwenye daftari kabla hujaketi na muuzaji, na huivuki hata chai ikiwa tamu namna gani.

Kodi hiyo ya mtaji hulipwa na muuzaji, na wengi huiogopa bure. Aliyeishi kwenye nyumba yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza amesamehewa, na vivyo hivyo mtu binafsi anayeuza ardhi isiyozidi thamani ya milioni 3. Mzee akijua hivyo kutoka kwako, na wakili wake akithibitisha, bei yake hulegea bila ubishi.

Makaratasi, na zile laki sita

Upekuzi ufanye mwenyewe, au wakili wako, karibu kabisa na siku ya kuweka sahihi. Usikubali ulioletwa na muuzaji. Omba pia nakala ya kadi ya kijani, inayoonyesha historia ya kiwanja. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu Zaidi ilisema kuwa na hati pekee hakutoshi ikiwa asili yake ilikuwa na kasoro, hata kama wewe ulinunua kwa nia njema. Savea aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Mume au mke wa muuzaji aweke sahihi ya ridhaa. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo makubaliano yenyewe yanakufa. Na mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote na shahidi. Makubaliano ya mdomo mbele ya chifu hayatoshi mahakamani.

Laki sita haziwezi kununua nyumba hiyo, ila zinaweza kupotea kwa siku moja. Malipo ya awali ya kawaida ni asilimia 10, na muda wa kukamilisha ni siku 90. Kwenye nyumba ya milioni 4 hiyo ni laki nne. Ukizilipa bila kujua 3,600,000 zitatoka wapi, siku tisini zikipita muuzaji anaweza kupata haki ya kuzizuia. Video zile zitakuambia uuze mkataba wako kwa mwingine kabla ya siku kuisha. Hapa hilo linahitaji kifungu kilichoandikwa wazi kwamba unaweza kumteua mtu mwingine, muuzaji awe anajua na kukubali, na kama kulihitajika idhini ya bodi, iombwe upya kwa jina jipya. Na ukipokea pesa kwa kumpelekea mnunuzi muuzaji tu, unafanya kazi ya wakala asiyesajiliwa.

Ninakushauri uanze na mshirika. Tafuta mtu mmoja au wawili wenye mtaji lakini wasio na muda, wewe ulete nyumba iliyokaguliwa, hesabu iliyokamilika, na laki zako ndani. Wakili aandike kabla ya yote nani analeta nini, faida inagawanywa vipi, hasara nani anaibeba, na jina la nani linaingia kwenye hati. Laki moja na nusu zako zibaki pembeni kwa upekuzi, mthamini na wakili wa nyumba utakazozikataa, maana utakataa nyingi.

Mwisho, hali moja utakayokutana nayo mapema. Muuzaji ni wa kweli, karatasi zinaonekana safi, lakini mgonjwa wake yuko hospitali na anataka laki moja leo, kabla ya mkataba. Usimpe mkononi, na usimgeuzie kisogo. Mkataba mfupi unaweza kuandikwa na kuwekwa sahihi siku hiyo hiyo ofisini kwa wakili, baada ya upekuzi wa asubuhi, mume na mke wote wakiwepo. Humo kinaandikwa kifungu kwamba laki moja kati ya malipo ya awali itatolewa mara moja, italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, na itarudishwa kwako ikiwa kasoro itapatikana kwenye hati. Hati halisi ibaki kwa wakili kuanzia saa hiyo. Muuzaji mwenye nia atakubali kila neno la kifungu hicho. Anayekataa hospitali ilipwe moja kwa moja, akataka pesa zipitie kwenye simu yake, muage na urudi kwenye daftari lako.